Barua za mfalme Afonso wa Kongo: ya 1526 na ya 1540 zinapingana, nimwamini yupi?

mwl_wa_zamu ameandika:

Habari za jioni wakuu, naombeni msaada hasa kwa wale mliosoma historia kwa undani maana nimekwama na kuna mwanafunzi ananidai jibu.

Nafundisha historia sekondari, kidato cha tano na sita. Kwa miaka kama sita hivi tukifika kwenye biashara ya watumwa huwa nawasomea barua moja ya Afonso wa Kwanza, mfalme wa Kongo (Mvemba a Nzinga kwa jina la kwao), ile aliyomwandikia mfalme João wa Tatu wa Ureno tarehe 6 Julai 1526. Nina hakika wengi mnaijua. Analalamika kwamba wafanyabiashara wanakamata watu kila siku, wenyeji wa nchi, watoto wa wakubwa, mpaka ndugu zake yeye mwenyewe, nchi inabaki tupu, kisha anasema kabisa kwamba hataki biashara ya watumwa kwenye himaya yake, kutoka Ureno anataka mapadri na walimu wachache tu pamoja na divai na unga kwa ajili ya misa. Nikiisoma darasa lote linanyamaza, hata wale wa nyuma wanaochoraga madaftari.

Sasa juzijuzi nimepata mkusanyiko wa barua zake zote zimepangwa kwa miaka, nikaanza kusoma usiku kidogokidogo nikifurahi mwenyewe, nikafika 1540 nikasimama. Anamwambia João huyohuyo kwamba aweke Guinea yote (enzi hizo maana yake pwani nzima ya Afrika Magharibi) upande mmoja na Kongo peke yake upande wa pili ataona Kongo inamletea faida kubwa zaidi, na kwamba hakuna mfalme wa huku anayezithamini bidhaa za Ureno kama yeye, yeye ndiye anayeilinda biashara, anafungua masoko, anafungua njia mpaka Mpumbu wanakonunuliwa watumwa. Mtu yuleyule, mfalme yuleyule, miaka 14 tu imepita!

Nikafanya kosa nikaipeleka darasani kabla sijaielewa. Binti mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, sasa huyu alikuwa anapinga au alikuwa anauza?" Nikamwambia nitamjibu wiki ijayo, na hiyo wiki ndiyo hii inaisha.

Kwahiyo swali langu ni hili, barua ya mfalme kama chanzo cha historia unaisomaje? Kidato cha kwanza tunawafundisha kwamba kuna masimulizi, maandishi na akiolojia halafu tunawaachia hapo, ila ukikutana na maandishi yanayojipinga yenyewe hakuna aliyetufundisha tufanyeje. Je kuna mojawapo si ya kwake? Au alibadilika? Nielekezeni tafadhali.

---

kabati_la_nyaraka:

Mwalimu swali lako ni zuri sana na nimefurahi umelileta, nimefanya kazi na nyaraka muda mrefu na hizi barua nimezipitia zaidi ya mara moja, kwahiyo nivumilie nitaandika kirefu.

Kwanza usiruke kutoka 1526 kwenda 1540. Kabla hujafika huko soma ya tarehe 18 Oktoba 1526, mwaka uleule, miezi mitatu tu baada ya hiyo unayowasomea wanafunzi. Humo hazuii tena biashara. Anasema ameweka maofisa watatu, na mzungu yeyote akitaka kununua mtu lazima kwanza awataarifu hao watatu wamkague huyo mtu kama ni mateka kweli au ni mtu huru aliyeibwa. Asiyefanya hivyo ananyang'anywa. Yaani Julai anafunga mlango, Oktoba anaufungua ila anaweka mlinzi. Ukishaiona hiyo ya Oktoba, ya 1540 haikushtui tena kiasi hicho.

Halafu rudi kwenye ya Julai yenyewe uisome yote, usiishie kwenye kile kipande ambacho kila mtu anakinukuu. Kuna sehemu analalamika kwamba wafanyabiashara wanaleta bidhaa nyingi mno nchini, mpaka watu waliokuwa chini yake wanaomtii sasa wana mali kuliko yeye, na zamani alikuwa anawatuliza kwa hivyohivyo vitu. Hapo ndipo pana moyo wa barua mwalimu. Mfalme wa Kongo alikuwa anatawala kwa kugawa, kitambaa kizuri kinatoka Ureno, kinaingia kwake, kutoka kwake kinaenda kwa mkubwa wa jimbo, na huyo mkubwa anajua bila mfalme hapati kitu. Sasa mreno kutoka São Tomé, kile kisiwa cha Wareno baharini, anakwenda moja kwa moja kwa mkubwa wa jimbo anampa kitambaa anachukua watu, hapo mfalme kabaki na nini? Na wale watu wanaochukuliwa si mateka wa vita vya mbali, ni raia wake, ni jamaa zake. Uchungu ni wa kweli na hofu ya kupoteza ufalme nayo ni ya kweli, vyote viwili vimekaa kwenye karatasi moja.

Kwahiyo kwa huyo binti mimi ningemjibu hivi. Alikuwa anapinga watu wake kuuzwa, na hakuwa anapinga biashara ya watu wengine waliotekwa vitani au kununuliwa huko Mpumbu, mradi ipite mikononi mwake. Inauma lakini ndivyo barua zinavyosema ukizisoma kwa mpangilio. Na kuuza hakuanza 1540, kwenye ile barua ndefu sana ya tarehe 5 Oktoba 1514 kwa mfalme Manuel wa Ureno, aliyemtangulia João, anaeleza mwenyewe kwamba alituma watumwa na manila za shaba (bangili zilizotumika kama fedha) kama zawadi na malipo, na analia kwamba Fernão de Melo, yule mkuu wa São Tomé, alikuwa anazila njiani.

Jambo la pili ni kwamba barua ya mfalme ni kazi anayoifanya, usiisome kama shajara yake. Kila barua anaomba kitu au anazuia kitu. 1514 anataka Melo aondolewe njiani, 1526 anataka wafanyabiashara wadhibitiwe, 1540 anataka João amuone wa maana kuliko wafalme wengine wa pwani ile. Kwahiyo kila ukifungua barua jiulize kwanza hapa anataka nini na kwa nani, maneno makali na maneno matamu yote utaona yanaelekea huko.

Na kuna jibu moja la João la 1529 hivi ambalo limebaki, litafute uliweke mezani pamoja na hizo. Anamwambia Afonso kwamba watu wamemweleza jinsi Kongo ilivyo kubwa na ilivyojaa watu, utadhani hakuna hata mtumwa mmoja aliyewahi kutoka huko. Nilipolisoma mara ya kwanza nilifunga kitabu nikakaa kimya. Mtu kakuandikia nchi inaisha, unamjibu mbona nimesikia mko wengi.

---

Mkweli_wa_Bara:

Samahani wakuu lakini naona mnajadili kitu ambacho hakipo. Hizo barua ziko kwa Kireno, zimehifadhiwa Ureno, zimechapishwa na padri wa Kireno. Nani kawaambia ni za Afonso? Mzungu kaandika, mzungu katunza, mzungu kachapisha, sisi tunakuja kusema mfalme wetu alikuwa mfanyabiashara wa watumwa. Mimi siziamini hata moja, bora masimulizi ya wazee.

---

kabati_la_nyaraka:

Mkuu wasiwasi wako ni halali na kila mtu anayeshika nyaraka za enzi zile lazima aanze nao, ila twende taratibu. Nyingi ya barua hizi ziliandikwa na karani mmoja, João Teixeira, na huyo alikuwa Mkongo aliyesomea palepale, jina ni la ubatizo tu. Afonso alikuwa na shule, kwenye barua ya 1514 anaeleza alivyojengesha ukuta wenye miiba juu ili vijana 400 wakae ndani wafundishwe wasitoroke. Kwahiyo kufika miaka ya 1520 kusoma na kuandika Mbanza Kongo, mji mkuu wake, hakukuwa kwa mapadri peke yao.

Tena soma yaliyomo. Anawasema mapadri waliotumwa kwamba wameacha kazi, kila mmoja na nyumba yake, wananunua watumwa na kukaa na wanawake ndani. Anamshtaki mkuu wa São Tomé kwa wizi. Anaomba apewe meli yake mwenyewe zaidi ya mara moja, na kila mara anazungushwa. Sasa padri gani wa Kireno angekaa akaandika hayo juu yake mwenyewe halafu ayapeleke kwa mfalme wake? Na malalamiko ni yaleyale kwa miaka karibu 30, wakati makarani, mapadri na hata mfalme wa Ureno wamebadilika, mwenye malalamiko hajabadilika.

Uliposema zimetunzwa upande mmoja hapo nakuunga mkono kabisa, nadhani kuna mdau atalielezea vizuri kuliko mimi.

---

MtuWaKasulu:

Mimi si msomi wa historia ila hilo la karani limenigusa nikaona nichangie.

Nilipokuwa darasa la sita, saba, bibi yangu alikuwa hajui kusoma na mimi ndiye nilikuwa karani wake. Tunakaa nje pale kwenye mkeka, yeye anasema kwa Kiha mimi naandika kwa Kiswahili, barua inaenda kwa baba mdogo Dar. Bibi anaanza tu, "mwambie amenisahau". Mimi naandika, "Salamu nyingi sana, ama baada ya salamu dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako, sisi huku hatujambo wasiwasi ni juu yako." Bibi hajasema hata neno moja katika hayo! Lakini barua ndivyo zinavyoanza, shuleni tumefundishwa hivyo. Halafu mahali alipogombeza mimi nalainisha kidogo maana namuogopa baba mdogo, na mahali alipotaka hela nilikuwa naandika vizuri sana kwa mwandiko mkubwa kwasababu sare yangu ilikuwa inatoka humohumo.

Mwisho ananiambia nisomee. Namsomea kwa Kiha, sio kile nilichoandika, namsomea kile alichosema. Anatikisa kichwa, haya funga.

Sasa mtu akija miaka 500 baadaye akaikuta ile barua atasema bibi alikuwa mpole sana na mwenye adabu za mjini. Lakini dai lenyewe, kwamba mwanae kamsahau na yeye hana hela, hilo ni la kwake asilimia mia na barua nzima imekaa juu yake. Nadhani na huyu mfalme ni vivyo hivyo, zile "ndugu yangu mpenzi na mfalme mwenzangu" ni za karani, ila ule uzito wa "watu wangu wanaibwa" hauwezi kutoka kwa karani.

---

mwana_wa_Matadi:

Jambo wote. Mimi nimezaliwa Bukavu kwa hiyo Kiswahili ni cha mama, lakini baba ni Mukongo wa Matadi na hiyo historia kwetu nyumbani inasemwa kama mambo ya jana.

Kuhusu kutunzwa upande mmoja. Barua ambazo tuko nazo, karibu dazeni mbili, ni zile ambazo zilifika Lisbon na zikabaki pale katika nyaraka za Torre do Tombo. Hilo jina ni la mnara, mnara wenyewe ulianguka kwa tetemeko la 1755, karatasi zikatolewa kwenye vifusi. Sasa fikirini zile ambazo hazikufika. Njia ya Kongo kwenda Ureno ilipita São Tomé, na watu wa São Tomé ndio aliokuwa anawashtaki! Mwenyewe analalamika kwamba wajumbe wake na barua zake vinazuiliwa pale. Ndiyo maana alikuwa analilia meli yake mwenyewe, meli ile ilikuwa ni njia ya kupitisha sauti.

Na upande wa Mbanza Kongo, zile barua ambazo yeye alipokea, nakala, hesabu, yote hayo hayako. Mji uliharibiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1678 na watu wakauhama. Leo ni mji wa kaskazini ya Angola, UNESCO waliuweka katika urithi wa dunia mwaka 2017, ukienda unaona kuta za kanisa la zamani zimesimama bila paa. Kwa hiyo tunasikia simu ya mtu mmoja, yule wa upande mwingine anasema nini hatusikii ila mara chache kama ile ya 1529.

Kwa ndugu Mkweli, masimulizi ya wazee nayapenda sana, lakini nayo yana mwaka wake wa kuzaliwa. Kwetu kila mtoto anajua kwamba Afonso alimzika mama yake akiwa hai kwasababu mama alikataa kuvua hirizi yake shingoni. Hadithi kubwa, inatisha, na inaeleza jinsi mfalme alivyochagua dini mbele ya damu. Haimo katika barua hata moja, na inaanza kuonekana katika maandishi zaidi ya miaka mia baada ya kufa kwake. Je ni uongo? Mimi nasema inatuambia watu wa baadaye walimkumbuka vipi. Barua zinatuambia yeye alitaka aonekane vipi akiwa hai. Mambo mawili tofauti, yote ni historia.

Tena kuna shahidi wa tatu. Mwaka 1516 padri Rui de Aguiar alimwandikia Manuel akimsifu Afonso kwamba anasoma mpaka usingizi unamchukua juu ya vitabu, na kwamba dini anaijua kuliko mapadri wenyewe. Hiyo si barua ya Afonso, ni mtu aliyekaa karibu naye. Ukiiweka pembeni ya barua zake mwenyewe unaona huyu mtu wa kusoma ni wa kweli, hakujipamba.

Kuna moja ambayo baba yangu hakuweza kuisoma kwa sauti. Mfalme anaulizia vijana wa ukoo wake ambao aliwatuma Ureno kusoma, hawajulikani walipo, anasema hatujui kama wako hai ama wamekufa, na hatuna la kuwaambia baba zao na mama zao. Hapo sitafuti siasa wala karani.

---

Mkweli_wa_Bara:

Sawa, hilo la Teixeira sikulijua na nimelipokea. Lakini bado nasisitiza kitu kimoja, msiwaambie watoto "alikuwa anauza" halafu mkaishia hapo bila kuwaambia meli zilikuwa za nani. Mwaka 1512 Manuel alimtuma Simão da Silva na maelekezo ya maandishi, na humo ndani kaambiwa kabisa meli zisirudi tupu, zijazwe watumwa, shaba na pembe. Hiyo nayo ni barua ya mfalme. Mbona hiyo hatuisomi darasani?

---

kabati_la_nyaraka:

Umesema kweli tupu. Mwalimu hiyo ya 1512 iongeze, tena iwe ya kwanza.

---

mwl_wa_zamu:

Wakuu sijui niwashukuru vipi, nimesoma yote mara mbili. Hii ya bibi wa Kasulu nimemsomea mwenzangu wa Kiswahili ofisini akasema anaichukua kwa somo la uandishi wa barua.

Nina moja ya mwisho. Nakala yangu ni ya tafsiri, na wanafunzi nawatafsiria tena mimi mwenyewe, sasa kuna mahali inasema "watumwa" na mahali inasema "vipande" nikadhani ni vipande vya nguo. Nikapita hivyohivyo. Je ni kitu gani?

---

kabati_la_nyaraka:

Hapo umeshika penyewe. Kwa Kireno ni peças, maana yake vipande kweli, na ndilo neno la biashara la kumhesabia mtu anayeuzwa. Watafsiri wengine wanaandika watumwa ili msomaji aelewe, wengine wanaacha vipande. Mimi nakushauri uache vipande halafu uwaeleze, maana ukiandika watumwa kila mahali unaficha kwamba kwenye ile ya 1540 mfalme anatumia lugha ya soko kama Mreno yeyote, na kwenye ya Julai 1526 anapowasema watu wake walioibwa anawaita wenyeji, watoto wa wakubwa, jamaa zetu. Tofauti ya mawazo imo kwenye maneno hayohayo. Kwahiyo popote ulipo na shaka katafute Kireno chake, zimechapishwa na padri António Brásio kwenye Monumenta Missionaria Africana na mtu akikaa na kamusi anaweza kuthibitisha neno mojamoja.

---

pwani_ya_kusini:

Nachomekea tu jamani, wenye hamu ya barua za watawala kwa lugha yetu wenyewe, kuna za Kilwa za kuanzia 1711, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, zilipelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao na sasa ziko kwenye nyaraka za kihistoria za Goa huko India. Ndio maandishi ya Kiswahili ya zamani kuliko yote yaliyobaki. Na zenyewe hadithi ni ileile, zimesalimika kwasababu zilifika kwa Mreno akazitia kabatini. Zilizokwenda kwa jirani wa hapahapa pwani tungezikuta wapi?

---

mwl_wa_zamu:

Hiyo ya Kilwa nitaifungulia uzi wake, naona ina mengi.

Leo nimeingia darasani na karatasi nne tu, maelekezo ya 1512, Julai 1526, Oktoba 1526 na jibu la 1529. Nimewagawa makundi manne, kila kundi karatasi moja bila tarehe, nikawaambia wazipange waniambie nani anataka nini kwa nani. Wamebishana dakika 40 kengele ikalia hawajatoka. Kundi lenye Oktoba waliapa kwamba ni barua ya Mreno kwasababu inazungumzia ukaguzi, mpaka walipoiona sahihi ya Afonso chini.

Yule binti amekuja mwishoni akasema, "Mwalimu, ile ya Julai hukutusomea yote." Nikamwambia ndiyo, sikuwasomea yote. Ameomba aichukue nyumbani nzima, nimempa.

Ya 1540 natafsiri upya wikiendi hii na vipande naviacha vipande. Nikikwama mahali nitarudi hapahapa.